Baraka ya Mama Kashindi

Alhamisi, 4 Desemba 2025

Kashindi amefika kwangu jioni amechoka. Barabara za katikati ya mji zimefungwa leo — marais wamekuja huku Marekani kutia saini mkataba wa amani ya Kongo. Amani ya kwao! Na yeye Mkongo amekwama ndani ya teksi yake, anampeleka mzee mmoja kwa daktari wa meno. Mzee akamwuliza, polisi wote hawa wa nini? Kashindi akamjibu kwamba leo wanamaliza vita ya kwetu. Yule mzee akampa hongera.

Alicheka akinisimulia. Kicheko cha kukohoa.

Harusi yetu ni Jumamosi tarehe ishirini na saba, kanisani Springfield, kwa sababu wiki hiyo ndiyo watu wengi wana ofu. Gauni liko kwa Bridget, mwenzangu wa nyumba, anapunguza upindo. Limebaki jambo moja tu. Kwao mwanamume hasimami madhabahuni kabla mzazi hajamtamkia baraka kwa mdomo wake. Baba yake Kashindi alishafariki. Kwa hiyo siku ya Krismasi mama yake atapiga kutoka Uvira, huko Kongo, nasi tutapiga magoti mbele ya simu. Mimi Nkatha, Mmethodisti wa Meru, magoti mbele ya simu! Lakini nimekubali. Nampenda mtoto wake.

Nilimpendea kwenye kliniki ya figo ninapofanya kazi. Alikuwa akimleta bibi mmoja wa figo, na hakuwa akimwacha mlangoni kama madereva wengine. Alimshika mkono mpaka kwenye kiti cha mashine ya kusafisha damu, akamfunika blanketi, ndipo akaenda zake.

Kuna jina moja halitajwi mbele yake. Byamungu. Mdogo wake, wa tumbo moja. Mwanzoni mwa mwaka huu, Bukavu ilipochukuliwa, alijiunga na waasi. Picha yake akiwa na magwanda ilizunguka kwenye magrupu ya Wakongo wa huku; Kashindi aliiona akiwa kwenye foleni ya teksi uwanja wa ndege. Siku chache baadaye bomu likamuua mjomba wao, yule aliyewalea na kuwasomesha. Tangu hapo ukimwuliza ana ndugu wangapi, anasema hana.


Jumapili, 7 Desemba

Theluji kidogo kwenye nyasi za kanisa, imeshaanza kuwa matope. Mchungaji Wambura amehubiri juu ya kungoja. Kiswahili chake cha Musoma hakina haraka. Sisi Wakenya tunakula nusu ya maneno, yeye anayatafuna yote.

Baada ya ibada tulimpigia Mama tukiwa garini, sauti wazi. Akaniita mukamwana wangu, yaani mke wa mwanawe. Akataka kujua kama gauni lina mikono, maana gauni bila mikono ataona haya mbele ya wamama wenzake. Lina mikono, Mama. Mirefu? Mirefu.

Nyuma yake kitu kikalia. Kikalia tena.

"Mama, ni nini hiyo?" Kashindi akauliza.

"Ni radi tu. Mvua iko inakuja."

Kikalia mara nyingine. Kashindi akanitazama. Mama akaendelea kuuliza habari za mikono ya gauni, nami nikaendelea kujibu: ina vifungo, ina lesi. Tuliongea juu ya nguo sote watatu, na kila mmoja alijua ile si radi.


Jumatano, 10 Desemba

Uvira imeingiwa na waasi. Simu ya Mama haipatikani.

Ee Mungu.


Alhamisi, 11 Desemba

Haipatikani.

Kashindi yuko kazini. Anasema akikaa nyumbani atavunja ukuta. Kliniki nimechoma sindano nje ya mshipa, mara yangu ya kwanza kwa muda mrefu. Mgonjwa akaniambia pole, yeye ananiambia mimi! Kenya, mwenzangu wa zamu, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, akanivuta stoo akanikumbatia. Akasema, "Dada, niombe nini?" Anaitwa Kenya na hajawahi kufika Kenya. Nilitaka kucheka, nikalia.


Jumamosi, 13 Desemba

Yuko hai! Yuko hai! Asante Yesu.

Namba ya Burundi imenipigia asubuhi nikiwa na chai mkononi. Kashindi alikuwa na abiria hakushika, ndipo Mama akaomba nipigiwe mimi. Sauti imekauka kabisa.

"Mukamwana, niko muzima. Nilivuka. Niko mu kambi."

Nikamwuliza alivukaje, maana nyonga yake haimwezeshi hata kufika sokoni.

"Byamungu alinibeba. Ku mugongo. Mpaka ku mupaka."

Alikuja nyumbani siku ile mji ulipoingiwa. Alikuja na waasi wenzake, kisha akawaponyoka. Akavua magwanda jikoni kwa Mama, akavaa sweta la marehemu baba yao, bunduki akaitupa chooni. Usiku akamchukua Mama mgongoni kama mtoto. Njia imejaa watu, magodoro, mbuzi. Sasa yuko naye kambini, kwa jina lingine. Wenzake wakimpata watamuua kwa kutoroka, na watu wa kambini wakijua alikuwa nani, sijui kama watamwacha. Mama amesema nisimwambie mtu ila Kashindi.

Nilimwambia hapahapa kwenye maegesho, chini ya jengo letu. Kusikia Mama yuko hai, alipiga usukani kwa furaha mpaka honi ikalia, watu wakachungulia madirishani. Nilipofika kwenye mgongo wa Byamungu, akatulia. Akachukua kitambaa akaanza kufuta kioo. Kioo kilikuwa safi.


Jumapili, 14 Desemba

Ameongea na Mama. Amelia, amecheka, ameahidi blanketi na dawa ya presha, kuna padri anayeweza kuzifikisha. Kisha akamwuliza kuhusu Krismasi, kama atapata mtandao wa kutubariki.

Nilikuwa kando yake, nilisikia yote.

"Mutoto ile iko hapa. Uongee naye kwanza."

"Mama, mimi sina mutoto ya kuongea naye huko."

"Kashindi. Mimi nilizala wawili. Sina baraka ya kukata nusu. Siku mutaongea, siku hiyo nitawabariki."

Hakupandisha sauti. Alisema vile mtu anavyosema duka limefungwa.

Kashindi akasema yule mtu alivaa nguo za waliomuua mjomba. Mama akajibu kwamba mjomba huyo alikuwa kaka yake yeye, hata kabla hajawa mjomba wa mtu. Halafu mtandao ukakatika, au Mama aliukata.


Jumatano, 17 Desemba

Leo amenipigia mwenyewe.

Nilikuwa nakula garini, mapumziko ya mchana. Namba ileile ya Burundi. Nikajua ni Mama. "Shemeji," sauti ikasema — na ilikuwa sauti ya Kashindi! Ileile, hata ule mkwaruzo wa mwisho wa neno. Karibu nijibu sheri, mpenzi, tunavyoitana mimi na Kashindi.

Ni Byamungu, akasema. Hataki kunisumbua. Amemwomba Mama namba yangu kwa sababu kaka yake hapokei.

Nilingoja aniambie alilazimishwa. Ndivyo wote wanavyosema, na pengine wengi ni kweli. Yeye alisema hakulazimishwa. Alikuwa mwalimu, shule zikafungwa, akaona wenye bunduki ndio wanaotembea vifua mbele, akachoka kuogopa. Akaenda kwa miguu yake.

Halafu akaniambia habari ya mjomba. Siku ile alikuwa kilimani juu ya mji aliokaa mjomba. Bado hawajampa bunduki, kazi yake ilikuwa kubeba makombora kutoka kwenye lori.

"Sijui lililomuua lilitoka upande gani, shemeji. Pande zote zilipiga. Lakini kama lilitoka kwetu, basi mimi ndiye niliyelibeba."

Nje watu wanapita na mifuko ya zawadi.

Akasema alitaka kaka ayajue haya kutoka kwake mwenyewe, si kwa watu. "Umwambie, ama usimwambie. Wewe ndiye unayemjua." Akaniuliza kama Kashindi bado anapiga gitaa. Nikamwambia ndiyo, kanisani. Akasema vizuri. Akakata.

Nimerudi ndani, mikono baridi, hata glavu zimekataa kuingia.


Alhamisi, 18 Desemba

Sijamwambia. Alinipigia mara mbili leo, tumeongea habari za keki.

Nikimwambia nitamwumiza. Nisipomwambia nitaingia nyumba yake Jumamosi ya harusi nikiwa na chumba kimoja ndani yangu nimekifunga. Siwezi.


Ijumaa, 19 Desemba

Nimemwambia. Mchana, garini, injini ikiunguruma.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Umeongea naye." Hakuuliza, alisema tu.

"Ndiyo."

"Alisema alilibeba?"

"Alisema kama. Kama lilitoka kwao."

"Kwa hiyo sasa wewe ndiye mjumbe wake."

Nikamwambia mimi si mjumbe wa mtu. Namwambia kwa sababu nitakuwa mke wake. Akatazama mbele. Akaniuliza, ungekuwa wewe? Angekuwa ni ndugu yako, ungemshika mkono?

Ningeweza kusema ndiyo. Wanawake wa kanisa letu wote wangesema ndiyo! Nilimwambia ukweli, kwamba sijui.

"Bon. Basi usinihubirie."

Sikuhubiri! Neno moja la mahubiri halikunitoka. Nikashuka. Hakungoja niingie mlangoni, na yeye hungoja siku zote.

Baadaye ameandika: *Labda Jumamosi ile tuisogeze mbele.*

Sijajibu. Bridget ameniuliza amalizie upindo ama aache. Nikamwambia malizia.


Jumapili, 21 Desemba

Alikuja kanisani. Alikaa upande wa wapiga vyombo, mimi upande wa sauti ya pili, tukaimba nyimbo za Krismasi kama watu wasiojuana. Alipiga vizuri. Ilinikera kwamba alipiga vizuri.

Kwenye sala ya Bwana nilimtazama, Mungu anisamehe, sikufumba macho. Midomo yake ilikuwa ikienda na wengine. Tulipofika pale pa kusamehe, ikasimama. Kanisa zima likapita, yeye kabaki. Hakusema Amina.

Mchungaji Wambura alituita ofisini, viti vitatu na boksi za mapambo. Kashindi akauliza moja kwa moja, je, kanisa linaweza kutufungisha bila baraka ya mama?

"Kanisa halikatazi," Mchungaji akasema. "Lakini hukuja kuniuliza hilo, ndugu Kashindi."

Kashindi akasema basi swali lake ni hili: Mungu anamtaka amsamehe mtu ambaye hata hajui amsamehe nini? Alimuua mjomba, au hakumuua? Kama ni ndiyo, angalau ningejua uzito wa mzigo, akasema. Lakini hii ya labda! Nasamehe labda?

Nilikuwa nimedhani ni kiburi. Kumbe jambo hili amelibeba hivyo.

Mchungaji akasema hajui, na kwamba kwao Mara ameona ndugu wakiuana kwa ng'ombe, na hajawahi kuona mtu akipimiwa msamaha kwenye mizani kwanza. Akasema, "Jumamosi nitakuwepo. Mkija nitawafungisha. Msipokuja nitazima taa niende nyumbani, wala sitawauliza."

Kwenye ngazi Kashindi akanigusa kiwiko. "Sikusema tuiache kabisa. Nilisema tuisogeze."

"Nimesikia," nikasema.


Jumatatu, 22 Desemba

Nimempigia mama yangu Meru. Nilitaka kumwambia asiwaambie watu wa kwaya wavae sare Jumamosi kutazama mtandaoni, pengine hakuna cha kutazama. Nikajikuta namwuliza jambo ambalo sijawahi kumwuliza. Baba alituacha nikiwa darasa la tatu, akaenda kuishi na mwanamke mwingine Maua, akarudi nikiwa sekondari. Mama akampa chakula kama aliyetoka dukani. Nilimchukia mama kwa ile sahani kuliko nilivyomchukia baba.

Nikamwuliza, ulimsamehe vipi?

Akacheka. "Nani alikuambia nilimsamehe siku ile? Siku ile alikuwa na njaa tu, nikampakulia. Kusamehe nilifanya asubuhi moja moja. Na asubuhi zingine nilikataa."

"Na sasa?"

"Sasa ni mzee, anakohoa. Hata leo asubuhi nilikataa kidogo."

Sikumwambia habari ya sare.


Jumatano, 24 Desemba

Nimetoka kazini nikamkuta jikoni. Bridget alimfungulia. Amekuja na majani ya muhogo ya kwao, wanaita sombe, ya barafu kutoka duka la Waafrika, na samaki wakavu, na mawese. Chumba kizima kinanuka Kongo. Amevaa aproni yangu.

"Krismasi bila sombe si Krismasi," akasema. Kana kwamba Ijumaa haikuwepo.

Nikafunga nywele, nikaanza kumenya vitunguu. Hatukuongea harusi. Kenya amechukua shifti yangu ya kesho, nikamwambia hilo. Akasema Mungu ambariki.

Halafu, akikoroga, bila kugeuka: "Byamungu alikuwa anaogopa giza."

Jina hilo, mdomoni mwake! Niliacha kisu.

Akasema walipokuwa wadogo wakitumwa maji jioni, Byamungu alishika shati lake kwa nyuma njia nzima. Mashati yake yote yalikuwa yamelegea hapo nyuma, mjomba akawa anamtania ana mkia. Akasema kutoka nyumbani kwao mpaka mpakani ni mbali, na umeme ulikuwa umekatwa mji mzima siku hiyo.

"Sasa alipitaje na Mama mgongoni?"

Nikasema sijui. Nikasema anayejua yuko.

Akaonja mchuzi. Akaongeza chumvi. "Sijui kama naweza kumsikia akisema lile la kulibeba," akasema. "Wewe ulilisikia. Lilikuwaje?"

"Lilikuwa sauti yako," nikamwambia.

Akazima jiko akatoka baraza ya nje bila koti. Nilimwacha. Aliporudi alikuwa akisugua masikio kwa baridi, akanisaidia kumalizia vitunguu.


Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi

Naandika mezani jikoni. Sahani zimepangwa, hakuna aliyekula. Bridget amefunika sombe na wali kwa foili, anajifanya anaosha sufuria ambayo ni safi. Niandike upesi kabla sijasahau yalivyokuwa.

Mama alipiga mchana, tulikuwa ndio tumetoka kanisani. Kwake giza limeshaingia. Video. Tulikuwa hatujamwona uso tangu Uvira — amekonda, kitenge kichwani, tochi imening'inia mahali juu yake. Kashindi aliegemeza simu kwenye chupa ya soda, tukakaa wote wawili mbele yake. Heri ya Krismasi, Mama. Heri, wanangu. Blanketi zimefika. Dawa imefika. Padri aliwapa watoto wa kambi biskuti.

Mikono ya Mama inatetemeka, inatetemeka tangu mwaka juzi. Kila simu ya video na Mama ni dari, kidevu, dari. Leo picha imetulia kabisa.

Kashindi naye ameona. Nilimwona akiona.

"Mama," akasema. "Nani anashika simu?"

"Unamujua."

Mama hakumsihi. Hakusema chochote cha baraka. Aliweka mikono mapajani akatutazama tu, na mimi nikatazama meza. Bridget alisimama na vijiko mkononi. Moyoni niliomba kitu kimoja, nisije nikasema neno.

Kashindi akaita, "Byamungu."

Picha ikayumba.

Akasema tena kitu, kifupi, kwa Kifuliiru, lugha ya kwao. Ilikuwa swali, nilisikia mwisho wake ukipanda. Simu ikageuzwa — kitenge, tochi, ukuta wa turubai, kisha mtu. Mwembamba. Sweta la kizee, kubwa kwake, limemfika karibu magotini. Hakutazama kamera. Alitazama pembeni kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Akajibu swali kwa maneno mawili matatu.

Kashindi akachukua simu kutoka kwenye chupa. Akasimama. Nilidhani anaikata! Akaingia chumbani kwangu akafunga mlango.

Na ndipo tulipo.

Ukuta ni wa mbao nyepesi, nasikia yote na sielewi chochote. Sijui neno la Kifuliiru zaidi ya salamu. Mwanzo Byamungu aliongea peke yake, kirefu, sauti yake kutoka simuni na sauti ya Kashindi ni moja, hata sijui wakati mwingine ni nani. Neno moja tu nililishika, mjomba, maana wanalisema kwa Kiswahili. Mjomba. Bridget akafunga bomba.

Halafu Kashindi amepiga kelele. Mara moja. Si tusi, nadhani si tusi — ilikuwa kama mtu aliyekanyaga moto. Nimeinuka nikafika mlangoni, nikaweka mkono kwenye kitasa, nikautoa. Si mlango wangu kuufungua.

Nimerudi kukaa. Sasa wanaongea polepole. Mmoja anauliza, mmoja anajibu. Anauliza tena. Mama ameingilia mahali, akanyamazishwa na wote wawili pamoja.

Jumamosi ni keshokutwa. Sijui kama Mama atatubariki leo. Sijui kama baada ya haya Kashindi atatoka akiwa na ndugu, au akiwa na hakika kwamba hana. Gauni linaning'inia nyuma ya mlango huohuo aliofunga.

Bridget ananiuliza tupashe chakula? Nimemwambia ngoja.

Amefungua mlango. Macho mekundu, simu sikioni, hanitazami mimi, anatazama ukutani chini, kando ya friji, kando ya kochi.

"Sheri, chaja iko wapi? Upesi. Itazima, na Byamungu bado anasimulia, hatujafika mpakani—"